Fundi Aliyetaka Asalimiwe Kwanza

Zamani, wakati bado nina mgongo wa kubebea magunia, palikuwa na mkahawa Changamwe karibu na matangi ya mafuta. Sisi wapakizi wa malori tulikunywa chai hapo. Mwenyewe alikuwa Mwarabu mmoja Mshihiri mwenye hasira nyingi na mahamri matamu, na watu walivumilia hasira kwa ajili ya mahamri. Siku moja lori la mapipa ya lami likakata kona vibaya, likalala ubavu pale mlangoni. Pipa moja likapasuka. Jua la saa saba lile, lami ikaanza kutembea pole pole kama mgeni asiye na haraka, ikaingia mpaka ndani chini ya meza. Tukacheka sana, mpaka tulipotaka kuondoka. Kandambili zikabaki chini, miguu ikaja juu peke yake. Mshihiri mwenyewe alikwama kizingitini na birika mkononi, akitukana, na aliyekwenda kumvuta akakwama naye. Tulirudi majumbani miguu mitupu, nyayo nyeusi. Mke wangu, ndoa yetu hata mwaka haijamaliza, alinisugua kwa mafuta ya taa, akaniambia nikienda tena kwa Mshihiri nitakwenda kuogea huko huko.

Nimeikumbuka habari hii kwa sababu ya benchi. Mkahawa ulipofungwa, Mshihiri aliniachia benchi moja la mvule, zito kama dhambi, nikalivuta kwa mkokoteni mpaka Mishomoroni nilikokuwa nimepata kiwanja. Upande mmoja lina doa la lami kubwa kama sinia. Nimelikwangua kwa kisu, nimelichoma kwa moto, halitoki. Kivulini huwa gumu kama jiwe, jua likilipiga linalainika. Kwangu kila mtu anajua upande wa kukaa.

Fundi hakujua. Alikuja adhuhuri kuulizia chumba cha mbele, amevaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi, akakaa pale pale penyewe. Alipoinuka benchi liliinuka naye kidogo kabla ya kumwachia.

"Mzee, hini ni nini?"

"Lami, baba."

"Lami kwenye kiti?"

"Ni hadithi ndefu."

"Basi usinihadithie," akasema. "Watu wa huku nyinyi hata kiti chenu chauma."

Kisha akakichukua chumba. Akakaa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote, kila tulipopishana maneno, ile suruali aliitaja. Mimi nami namtaja, basi tumelingana.

Alikozaliwa na ukoo wake sitawapa. Alivitaja mwenyewe vya kutosha, asubuhi na jioni, na wote walikuwa mashekhe na wanavyuoni wa kule kisiwani, hapana hata mmoja aliyewahi kubeba kitu. Nitasema tu kwamba alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake kafunga kwa uzi, na kila mara ana karafuu mdomoni. Mimi ni Mgiriama. Kiswahili changu nimekipata kwa kubeba mizigo, neno moja hapa, jingine pale. Fundi alinisahihisha mbele ya wageni wangu. Alinisahihisha siku ya matanga ya dada yangu, nikiwa nasimama kutoa shukrani. Wallahi, kama si mke wangu kunishika shati siku ile, leo ningekuwa nasimulia habari nyingine.

Kazi yake ilikuwa kompyuta. Shule mimi niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitaieleza kama alivyonieleza binti yangu Riziki, naye alinieleza kwa kupanga sahani mezani mpaka nikaelewa. Kule Changamwe kuna depo ya makontena. Zamani lori lilikwenda tu likapanga foleni barabarani, dereva akalala chini ya gari lake kama mbuzi. Siku hizi lazima uombe zamu kwa mtandao kabla hujafika. Zamu hutolewa na kompyuta ya geti, na hiyo kompyuta haizungumzi na mtu ovyo. Inataka iandikiwe kwa utaratibu wake, kila neno mahali pake, ufunguo mahali pake, na ukikosea nukta inakufukuza. Kila ofisi ndogo ya malori iliyotaka programu yake ya kuombea zamu ingelazimika kujifunza utaratibu huo wote. Fundi alijifunza yeye kwa niaba ya wote. Akaandika kwa JavaScript, lugha ya kompyuta wanayoijua vijana wengi, amri zilizo tayari. Wewe unaandika "omba zamu" tu, amri zake zinakwenda mpaka getini, zinabisha, zinangoja jibu, zinakuletea. Hizo amri zikiwekwa pamoja wanaziita maktaba, ingawa mimi kitabu sikukiona. Akaiweka mtandaoni bure. Wakaichukua watu wa Changamwe, wa Likoni, wa Miritini. Wakaichukua mpaka watu wa nchi za mbali, maana kompyuta ya geti kama ile imeuzwa bandari nyingi.

Hapo kwenye bure lazima nimpe haki yake. Hakumtoza mtu. Na geti lilipobadilisha utaratibu wake, nalo hubadilisha bila kumwambia mtu, alikuwa akiketi pale kwenye benchi, upande mzuri, tangu alfajiri bila kutia kitu mdomoni isipokuwa karafuu zake, mpaka amri zote zimekubaliana na geti tena. Watu wa nchi nzima walikuwa wanapata mizigo yao na hawamjui. Lakini mtu huyo huyo, mke wangu alimwomba njiti moja ya kiberiti. Akatoa kiberiti mfukoni, akakitikisa sikioni, akakirudisha.

"Zimebaki chache, mama."

Nani atanieleza huyo ni mtu wa namna gani? Dunia nzima aipe kazi ya miaka, jirani amnyime njiti.

Alikuwa na neno lake moja: "Sikukuita, ulikuja mwenyewe." Hilo aliwaambia wote waliolalamika. Asubuhi moja aliamka akaona kwamba amri iliyokuwa ikiitwa "leta" haina heshima, akaibadilisha ikawa "pokea". Basi. Kila ofisi iliyochukua toleo lile jipya programu yake ikazimika, maana ilikuwa inasema leta na hapana tena anayeitwa hivyo. Akaja dereva mmoja kutoka bara, kijana mwenye shingo ndefu tunayemwita Twiga, amepanda bodaboda kutoka Changamwe mpaka kwangu.

"Buda, mbona umebadilisha? Lori langu liko kwa barabara tangu jana!"

"Nimeandika kwenye maelezo ya toleo."

"Mimi ni dereva, nitasoma hizo maelezo nikiendesha?"

"Sikukuita," Fundi akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye kioo cha kompyuta, "ulikuja mwenyewe."

Twiga akanitazama mimi. "Mzee, huyu jamaa anaishi kwako? Na unalala?"

Nilimpa maji ya kunywa.

Sasa nije kwenye salamu, maana huko ndiko kulikotuumiza. Maktaba ile ilikuwa na ukurasa wake mtandaoni ambapo mtu akiona kasoro anaiandika, na Fundi anaisoma, anaitengeneza, kisha anaifunga ile habari. Ndivyo wafanyavyo mafundi wote wa kazi hiyo, aliniambia Riziki. Lakini Fundi alikuwa na sharti lake ambalo hapana fundi mwingine duniani aliyekuwa nalo. Usipomsalimu kwanza, hakusomi. Alikuwa ananiita nisikilize.

"Mzee, sikiza huyu. 'Haifanyi kazi.' Hiyo ndiyo salamu? Mtu aingia nyumbani kwa mtu, hapigi hodi, asema haifanyi kazi?"

Kisha anaandika: "Hujasalimu. Nimefunga." Anabonyeza, anatafuna karafuu. Aliandika hivyo hivyo kwa Kiswahili hata kwa Wachina, nao wakawa wanatafuta mtu wa kuwafasiria wamekosa nini. Wengine walijifunza. Mabwana wazima wa ng'ambo, huenda wana wajukuu, wakawa wanaanza na "Shikamoo Fundi."

Nitasema kweli, mwanzoni ilinipendeza. Nilisema moyoni, naam, wacha wajue pwani kuna adabu. Halafu nikaanza kumtazama anavyopita njiani. Watoto wa mtaa wanamwamkia, "Shikamoo!" Anapita. Mama muuza viazi karai hapo kwenye kona, mtu mzima, "Habari za asubuhi, Fundi," anapita. Mimi mwenye nyumba namwambia umeamkaje, anaangalia mbingu kama anayetafuta mvua. Salamu alizitaka ziletwe kwake zote, yeye hakutoa. Alijibu siku anapojua umekuja kumwomba kitu, ili akukatalie vizuri.

Riziki alijifunza kazi kwake. Alikuwa amefanya kozi ya miezi michache hapo Kisauni, akaja kukaa naye barazani. Fundi alimfundisha kweli kweli, siwezi kusema alimficha. Lakini mafunzo yale! "Huko kwenye kozi walikufundisha kuandika au kuparuza?" "Futa. Futa yote. Wacha hiyo nafasi tu, hiyo nafasi ndiyo umeipatia." Mwanangu anafuta, machozi yanadondoka kwenye vidole, anaandika tena. Mara mbili niliinuka nimtoe, na mara zote mbili Riziki mwenyewe ndiye aliyenirudisha kwa jicho.

Kisha akafungua ofisi yake Changamwe, ndani ya kontena lililokatwa dirisha, karibu na geti la depo. Watu wenye lori moja moja, wasio na karani, wanamletea shughuli zao, yeye anawaombea zamu. Programu alitengeneza mwenyewe, juu ya maktaba ya Fundi. Nikawa nashinda pale mchana, mwenyewe sina kazi nyingine. Ninaangalia malori. Ukishapakia malori ujana wako wote, kukaa tu na kuyaangalia ni starehe kubwa.

Kasoro ilikuwa hii. Geti likielemewa, linachelewa kujibu. Amri za Fundi zikiona kimya, zinadhani ombi halikufika, basi zinabisha tena na kuomba upya. Kumbe ombi la kwanza limefika, ila geti linajikongoja. Likija kujibu, lori moja limeandikiwa zamu mbili. Na depo ile haina mchezo na zamu mbili, inahesabu kwamba unazuia nafasi za wenzako. Inafuta zote mbili, na ofisi iliyoomba inafungiwa.

Sasa sikilizeni. Kabla kasoro hiyo haijamgusa mtu yeyote wa huku kwetu, kuna mgeni mmoja wa mbali, sijui nchi gani, aliiona na akamwandikia Fundi. Akaandika kasoro ni hii, na dawa yake ni hii: kila ombi litiwe alama yake, na likirudiwa lirudiwe na alama ile ile, geti litajua ni ombi moja. Mistari michache tu. Lakini yule mtu hakuandika salamu. Fundi akamjibu: "Hujasalimu. Nimefunga." Mgeni akaandika tena, safari hii kwa herufi kubwa. Fundi akamzuia asiandike kabisa. Alinisomea hayo yote barazani, akicheka, nami nikacheka naye, maana sikujua ni nani atakayelia.

Riziki alifungiwa mara ya kwanza msimu wa mizigo mingi. Malori matatu ya watu waliomwamini yakalala nje. Akaomba radhi, akafunguliwa. Akafungiwa tena. Safari hii watu wa depo wakamwambia, kwa ustaarabu lakini kwa macho makavu, ikitokea mara nyingine jina lake litafutwa getini moja kwa moja. Ofisi ya kuombea watu zamu isiyoweza kuomba zamu ni kontena tu la kufugia kuku.

Jioni ile akaja nyumbani, hakuingia ndani, akaenda moja kwa moja barazani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Wataka nini?"

"Yule mgeni alikuandikia dawa ya zamu mbili. Bado iko pale ulipoifunga. Nakuomba uitie."

"Sikuiona dawa yoyote."

"Uliiona, Fundi. Ulimjibu."

"Nilijibu utovu wake wa adabu. Dawa sikuisoma."

"Basi isome sasa. Mimi wakinifuta pale nimekwisha."

Akamtazama, karafuu imesimama mdomoni. "Huyo mgeni asalimu kwanza."

Nikamwambia, "Fundi, mtoto huyu umemfundisha mwenyewe."

"Ndipo ajue sharti."

Nikamuuliza Riziki ndani, kwa nini asiitie dawa hiyo mwenyewe kwenye programu yake, akili anazo. Akasema, "Naweza, baba. Lakini kila akitoa toleo jipya itabidi nianze upya. Na wenzangu wengine wote pale getini? Halafu ni kazi ya mwalimu wangu. Nikiipasua kwa nyuma yake nitakuwa nimemvua nguo." Mimi nikasema mvue. Hakunisikiliza. Mtoto ana adabu kuliko baba yake, na hilo ni la mama yake.

Alichofanya ni kumtafuta yule mgeni wa mbali. Akamwandikia barua pepe, akamweleza desturi, akamwomba kwa unyenyekevu amsalimu Fundi, maneno yenyewe akampa. Na yule mtu, Mungu ambariki popote alipo, hakukasirika. Riziki akaandika kasoro upya, na chini yake akabandika maneno ya mgeni, kwa sababu mwenyewe alikuwa amezuiwa. Yalisema: "Shikamoo Fundi. Habari za asubuhi. Pole na kazi. Naomba radhi sikukusalimu." Kisha dawa.

Mke wangu alipika pilau siku ile. Tulijua yamekwisha. Fundi akafungua kompyuta yake, sote tumesimama nyuma yake kama watu wanaongoja mtoto kuzaliwa. Akasoma pole pole. Akavua miwani, akaifuta.

"Huyu amefundishwa," akasema. "Salamu ya kufundishwa siitaki."

Akafunga.

Nilichosema hapo sitakiandika, mke wangu husomewa haya. Lakini la mwisho niliandike: nilimwambia, "Salamu gani duniani isiyofundishwa? Mimi yangu nilifundishwa kwa makofi!" Akanijibu kwamba inasikika. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Riziki hakulia. Alikula pilau yake, akanawa mikono, akafungua kompyuta. Fundi alipoiweka maktaba yake mtandaoni, alikuwa ameandika ruhusa kwa mkono wake: yeyote aichukue, ainakili, aibadilishe, aigawe. Hiyo ndiyo desturi ya wenye kazi ile. Basi Riziki akainakili yote, akatia dawa ya mgeni, akaipa jina jingine, akaiweka mtandaoni. Kisha akawaambia wenzake pale getini. Kwanza akahama mmoja, kisha mwingine. Msimu wa mizigo ukarudi, geti likaelemewa kama kawaida yake, na zamu zikabaki moja moja. Jina lake halikufutwa.

Fundi alijua, watu wa kazi ile huona kila kitu. Kwangu aliacha hata kuangalia mbingu, akawa anapita kama nyumba haina mtu. Lakini aliendelea kukaa benchi lile na kutoa matoleo mapya ya maktaba yake, na ndani ya matoleo hayo alibadilisha majina ya amri nyingi mno. Ile dawa hakuitia. Mke wangu aliendelea kumpelekea chai. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Mtu anakonda." Nikamwambia alikuja amekonda.

Siku ya mwisho kumwona nilikuwa Changamwe, nimekaa nje ya kontena la Riziki kwenye kreti la soda. Ilikuwa mchana, malori yamejaa, vumbi na moshi. Twiga alikuwa amejiegemeza dirishani akingoja zamu yake. Nikamwona Fundi anavuka barabara. Sikuwahi kumwona upande ule wa mji. Viatu vyake vilikuwa na vumbi, akavisimamisha mbele ya mlango kama mtu asiyejua kama kuna ngazi.

"Riziki. Ishushe."

Mwanangu akainuka kwenye kiti. "Karibu ukae, Fundi."

"Sikuja kukaa. Ile ni kazi yangu, ishushe."

"Siwezi kuishusha. Watu wanaitegemea."

"Watu!" akasema. "Watu ni akina nani? Hawa?"

"Ndiyo, sisi," Twiga akasema pale dirishani. "Ya huyu dada haijawahi kunilaza hapa nje, buda. Yako ilinilaza mpaka mbu wakanijua kwa jina."

Wapakizi wawili waliokuwa karibu wakacheka. Fundi hakuwatazama. Alikaa, baada ya kusema hakuja kukaa, kwenye kiti cha Riziki, akaivuta kompyuta. "Nionyeshe ulivyoharibu."

Riziki akamfungulia. Akaanza kusoma. Nilikuwa nimemwona akisoma kazi yake kwa miaka, najua midomo yake inavyokwenda anapotafuta kosa. Ilikuwa inakwenda hivyo hivyo. Nilimwombea asilipate, na nilimwombea kwa nguvu.

"Hapa," akasema, akagusa kioo. "Mbona wangoja kabla ya kubisha tena? Na mbona kila ombi langoja muda tofauti?"

"Geti likielemewa, sote tukibisha kwa pamoja tunalizidishia. Nimetawanya kidogo, lipumue."

"Nani kakufundisha hili?"

"Hapana mtu, Fundi. Nimeliona tu, kwa kukaa hapa."

Akayashuka maandishi mpaka chini, akapanda juu, akarudi pale pale. Nje lori likapiga honi na hapana aliyegeuka. Mwisho akasema, kwa sauti ambayo ilibidi niinamishe kichwa kuisikia, "Ni sawa."

Kisha akauliza, "Ile yangu. Yuko aitumiaye?"

Riziki akaangalia vidole vyake. Angeweza kumdanganya, na mimi, pamoja na yote, nilitamani amdanganye. "Hapa Changamwe hapana, Fundi. Kwingine sijui."

Fundi akapanda mpaka mwanzo kabisa wa maandishi. Pale juu palikuwa na jina lake, limeandikwa kama mwandishi wa kwanza, na la Riziki chini yake.

"Liondoe jina langu."

"Hapana. Kazi ni yako."

"Nimekwambia liondoe."

"Ruhusa uliyoandika inasema kila anayeichukua lazima aache jina lako," Riziki akasema. Sasa ndipo machozi yalipomtoka. "Nikilitoa ndipo nitakuwa nimekuibia."

Alikaa akiliangalia lile jina. Ilisikika sauti ya geti ikiita namba ya lori, na Twiga akaruka kutoka dirishani, akakimbilia gari lake, maana zamu ikiitwa haingoji mtu. Fundi akainuka. Akakirudisha kiti cha mwanangu mahali pake, sawa sawa na meza, akatoka.

Nikamwita. "Fundi, ngoja nikutafutie boda. Jua kali."

Hakugeuka. Alikwenda kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, si wa haraka wala wa pole, akapita kati ya malori mawili yaliyosimama. Nikayatazama yale malori mpaka yakaingia getini, na nyuma yake hapakuwa na mtu. Mishomoroni hakurudi siku ile. Mke wangu alimwekea chakula, akakifunika. Kesho yake akakifunua, akawapa kuku.